Sura ya Saba: Barua Pepe za Biashara Zihifadhiwe Wapi

Mkataba wa mgeni wa Malindi huandikwa vipande vipande. Mwezi wa Septemba, kusi haijaisha, mtu wa Bergamo au Torino huiandikia hoteli akiuliza bei ya vyumba viwili vya Januari. Hujibiwa. Huomba apunguziwe, naye hukubaliwa kwa sharti kwamba arbuni ifike kabla ya mwisho wa Oktoba. Kisha huuliza kama kuna gari la kumchukua uwanja wa ndege wa Mombasa, na kama mtoto wa miaka minne hulipiwa chakula. Hakuna karatasi inayotiwa saini. Barua pepe hizo kumi na tano au ishirini ndizo makubaliano yote, na siku pakitokea ubishi hakuna kingine cha kushika.

Wakala wa viwanja wa Mayungu, mwenye mashua za wazamiaji Watamu, kiwanda cha chumvi cha Gongoni, wakili wa Lamu Road, wote hufanya kazi hivyo hivyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la biashara hizi kwa sasa ni sanduku la barua pepe. Sura hii inahusu namna ya kulichagulia daftari hilo mahali pa kukaa.

Tuanze na mwaka ambao wengi wetu tungependa kuusahau. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 1 Agosti. Pasaka ikapita hoteli zikiwa zimefungwa. Kuanzia Kikambala hadi Mambrui, kila mwenye vyumba alibaki na swali la arbuni: airudishe, aisogeze mbele hadi msimu mwingine, au aizuie kwa kuwa masharti yalisema hairudishwi? Majibu yaliandikwa haraka haraka, mengi yakaandikwa na wafanyakazi ambao wiki chache baadaye walipelekwa likizo bila malipo na hawakurudi tena.

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, dai la mkataba linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa. Ahadi iliyovunjwa mwaka 2020 inadaiwa hadi 2026. Ile iliyosogezwa hadi 2022 na kuvunjwa hapo, inadaiwa hadi 2028. Mwenye hoteli asiye na barua zile atajibu dai kwa yale anayoyakumbuka kichwani, mbele ya mgeni mwenye kila neno kwenye simu yake.

Kwa hiyo, mwenye biashara anapoulizia mfumo wa kununua, jambo la kwanza la kujua ni barua zake ziko wapi leo. Mara nyingi ziko kwenye kompyuta ya mapokezi. Programu ya Outlook huzivuta kutoka kwenye seva, huzifuta huko, na kuzirundika kwenye faili moja la aina ya PST. Katika matoleo ya zamani ya Outlook, mpaka lile la 2002, faili hilo lilikuwa na ukomo wa gigabaiti 2, na likifika hapo lilikuwa rahisi kuharibika. Matoleo mapya yana ukomo mkubwa zaidi, lakini bado ni faili moja kwenye diski moja, kwenye meza iliyo karibu na dirisha linalotazama bahari. Hewa ya chumvi hula viungio vya chuma ndani ya kompyuta polepole, bila mlio. Siku diski inapokataa kuwaka, miaka yote huenda nayo.

Wengine barua zao zimo kwenye akaunti ya bure iliyofunguliwa na meneja wa kwanza, kwa namba yake ya simu. Huyo meneja sasa yuko Diani, au Doha, na namba aliibadilisha. Kampuni zinazotoa akaunti hizo nazo zina masharti yao. Google ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti za kibinafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2. Yahoo huweza kulifunga sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12. Kwa hoteli iliyofunga misimu miwili mfululizo, hilo ni jambo la kutokea kabisa.

Wachache wana anwani yao wenyewe inayoishia na .co.ke. Hao wako mbele, lakini anwani ya namna hiyo hulipiwa kila mwaka kupitia wakala wa KeNIC, shirika linalosimamia majina ya intaneti ya Kenya. Ada isipolipwa jina husimama, na barua za wageni hurudi zilikotoka. Likiachiliwa kabisa, mtu mwingine anaweza kulisajili na kuanza kupokea barua zako. Jina hilo liandikishwe kwa kampuni yako, si kwa kijana aliyekutengenezea tovuti, na ada yake iingie kwenye daftari la matumizi pamoja na leseni ya kaunti.

Watu hudhani kwamba wakishalipia Google Workspace au Microsoft 365 basi wamehifadhi. Sivyo. Kwenye Google, barua iliyofutwa hukaa kwenye pipa siku 30, halafu msimamizi ana siku 25 za kuirudisha, kisha imekwenda. Akaunti nzima ya mfanyakazi ikifutwa, kuna siku 20 za kuirejesha. Kwa Microsoft, akaunti iliyofutwa hudumu siku 30, na barua zilizofutwa hata kutoka kwenye pipa hubaki siku 14 isipokuwa msimamizi ameongeza ziwe 30. Mfanyakazi anayeondoka kwa hasira anaweza kufuta mawasiliano ya miaka mitatu jioni moja. Ukigundua baada ya miezi minne, mgeni anapoandika kudai, hakuna wa kukusaidia.

Hapa inafaa kutenganisha kazi mbili ambazo wauzaji huziunganisha. Bakapu ni picha ya hali ilivyokuwa saa fulani, aghalabu usiku. Barua iliyoingia saa tatu asubuhi na kufutwa kabisa saa tano haitakuwa kwenye bakapu ya saa sita usiku, kwa sababu bakapu haikuiona. Hifadhi hufanya kazi nyingine: seva huagizwa itoe nakala ya kila barua, inayoingia na inayotoka, wakati ule ule inapopita, kabla mkono wa mtu haujaigusa. Nakala hiyo hubeba majina ya wapokeaji wote, hata wale waliofichwa. Hukaa mahali ambapo mtumiaji wa kawaida anaweza kuisoma na kuitafuta lakini hawezi kuibadilisha wala kuifuta mpaka muda uliowekwa uishe. Bakapu hukurudisha kazini baada ya ajali. Hifadhi ndiyo inayokujibia wakili, mamlaka ya kodi (KRA) na mgeni.

Uwezo huo wa kutoa nakala papo hapo haupo kila mahali. Microsoft 365 inao, na Microsoft yenyewe hairuhusu nakala hizo ziangukie kwenye sanduku la huduma yake hiyo hiyo. Lazima ziende nje. Google ina Vault, nayo huanzia kwenye kifurushi cha Business Plus, kwa hiyo aliyenunua kile cha chini kabisa hana. Akaunti ya bure ya Gmail haina kabisa. Kuna programu zitakazoivuta barua kutoka Gmail baadaye, lakini iliyofutwa kabla ya kuvutwa haitaonekana. Kwa maoni yangu, biashara yoyote inayopokea arbuni au kuuza ardhi iache akaunti ya bure kwanza, ndipo izungumze na muuzaji wa hifadhi. Kuweka mfumo wa bei juu ya akaunti ambayo si yako ni kupoteza pesa.

Sasa miaka. Ningependa mwenye biashara aketi na mhasibu na wakili wake na kuamua miaka kabla hajaona tangazo la programu yoyote, maana mifumo mingi hutofautiana hapo hasa. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi ziwekwe miaka 5. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo ankara zinazokuja kwa barua pepe na zile za kwenye mfumo huo ni vyema zilingane. Madai ya mkataba, kama tulivyoona, ni miaka 6. Madai ya mfanyakazi chini ya Sheria ya Ajira ya 2007 ni miaka 3.

Ardhi ni habari nyingine, na kwenye pwani hii haitoshi kuitaja kwa sentensi moja. Ukomo wa dai la ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza, lakini shida zetu ni za zamani kuliko hapo. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi kwenye ukanda wa pwani alete dai lake na ushahidi wake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Familia nyingi za Wamijikenda zilizolima na kuzika wazee wao hapo hazikuwa na karatasi ya kuonyesha, na wajukuu wao mpaka leo huitwa maskwota Kilifi nzima. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi bado inasikiza kesi ambazo mizizi yake iko kwenye ardhi iliyogawanywa namna ile. Anayeuza au kununua kiwanja hapa, na anayeshuhudia mauzo hayo, asiweke muda wa kufuta barua za ardhi. Zikae. Barua ya mwaka 2011 ambapo muuzaji alikiri kwamba kuna familia inayolima kwenye kona ya shamba inaweza kuwa ndiyo haki pekee ya familia hiyo.

Upande wa pili sheria inakutaka ufute. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inakataza kukaa na habari za mtu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kazi uliyozichukulia. Fikiria hoteli inavyopokea wageni: nakala ya pasipoti ya mama, ya baba, ya watoto wawili, pengine na cheti cha daktari kuhusu mzio wa karanga, vyote vimeambatishwa kwenye barua. Familia ilikuja Januari 2019, ikaondoka, haijarudi. Pasipoti zile zinafanya nini kwenye sanduku lako? Mtu akiiba nenosiri la mapokezi leo, ameiba watu wote walioingia hotelini tangu ifunguliwe.

Wenye hoteli ndogo huambiana kwamba sheria hii ni ya kampuni kubwa. Kanuni za usajili, zilizoanza kutumika Julai 2022, kweli zinasamehe biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini msamaha huo hauwahusu wenye biashara za ukarimu, wauzaji wa ardhi, shule, zahanati wala wasafirishaji. Hao hujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata kama wana vyumba vinne. Waongoza watalii wameachwa nje ya sharti hilo. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Septemba 2023 Kamishna alizitoza faini taasisi tatu, jumla shilingi 9,375,000, na mojawapo ilikuwa ukumbi wa burudani wa Nairobi uliotumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Juu ya hayo, hoteli inayojitangaza kwa Kitaliano na kuweka bei kwa yuro inaingia pia chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza tarehe 25 Mei 2018, hata kama lango lake liko Casuarina.

Sheria moja inasema weka, nyingine inasema futa, na hapo ndipo mfumo mzuri unapoonekana. Lazima uweze kuweka muda tofauti kwa barua za aina tofauti. Kwa hoteli ningependekeza viambatisho vya pasipoti viishe muda wake miezi michache baada ya mgeni kuondoka na hesabu zake kufungwa. Barua za bei na arbuni zikae miaka 7, yaani 6 ya sheria na mmoja wa tahadhari. Za ardhi zisifutwe. Lazima pia uweze kusimamisha ufutaji wa barua za mtu mmoja mara ugomvi unapoanza, hata kama muda wake umefika. Tena uweze kukusanya kila kitu kinachomhusu mtu mmoja kwa jina na anwani, maana mgeni ana haki ya kuuliza unajua nini kumhusu na kuomba yasiyohitajika yafutwe. Mfumo unaokupa muda mmoja tu kwa kila kitu haukufai, hata ukiwa wa bei ndogo. Utakulazimisha uvunje sheria moja ili utii nyingine.

Kuwa na barua ni hatua moja, kuaminiwa nayo mahakamani ni nyingine. Watu wengi hufika kwa wakili na picha ya kioo cha simu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kilichoingizwa kwa marekebisho ya 2009, kinakubali kumbukumbu za kielektroniki kwa masharti: kompyuta iwe ilikuwa ikitumika kwa kazi hiyo mara kwa mara, iwe ilikuwa inafanya kazi sawasawa, na pawe na cheti kinachoeleza kumbukumbu yenyewe, namna ilivyotolewa, na chombo kilichoitoa. Cheti hicho hutiwa saini na mtu mwenye dhamana juu ya chombo au shughuli hiyo. Kifungu cha 78A, cha 2014, kinamwelekeza hakimu aangalie barua ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje, na ni kwa vipi tunajua haikuguswa.

Soma hayo tena ukifikiria kompyuta ya mapokezi iliyotumiwa na watu saba kwa nenosiri moja. Nani atatia saini? Atasema nini wakili wa upande wa pili akimuuliza kama kuna mtu mwingine angeweza kuibadilisha barua? Sasa fikiria hifadhi iliyopokea barua sekunde ile ile iliyofika, ikaipiga muhuri wa hesabu. Muhuri huo ni mfuatano wa tarakimu na herufi unaotokana na maandishi yenyewe. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya barua, mfuatano hubadilika wote. Hifadhi hiyo hiyo ina orodha ya kila aliyeifungua na saa aliyoifungua. Shahidi sasa ana la kusema. Muulize muuzaji kama mfumo wake unaweka muhuri wa namna hiyo na orodha ya namna hiyo, na kama unaweza kuvitoa vikiwa tayari kwa wakili.

Kuna jambo la Kitaliano ambalo wafanyabiashara wa Malindi na Watamu hawana budi kulijua. Italia ina barua pepe yenye nguvu ya kisheria inayoitwa PEC, iliyowekewa kanuni mwaka 2005. Mtumaji na mpokeaji wakiwa wote kwenye mfumo huo, hupatikana stakabadhi ya kutuma na ya kufika, sawa na barua ya rejista. Mawakili na wahasibu wa huko wanatakiwa kuwa nayo. Kampuni zinazotoa huduma hiyo huweka kumbukumbu za safari za barua kwa miezi 30 tu. Stakabadhi na barua zenyewe ni jukumu la mwenyewe. Barua kutoka kwa wakili wa Milano ikikufikia, thamani yake imo kwenye saini ya kielektroniki iliyofungwa ndani ya barua asilia. Ukiichapisha, ukiigeuza PDF, au ukimtumia mtu mwingine kwa kuisogeza tu, saini hiyo na njia iliyopita barua vinapotea. Kwa hiyo hifadhi iweke barua nzima ilivyofika, na kila kiambatisho. Mifumo inayogeuza kila kitu kuwa PDF ili kionekane vizuri iache.

Swali la seva iwe hapa au mbali linachukua muda mwingi kwenye mazungumzo kuliko linavyostahili. Fanya hesabu. Hoteli inayopokea na kutuma barua 60 kwa siku, kila moja ya kilobaiti 150, hujaza megabaiti 9 kwa siku, karibu gigabaiti 3.3 kwa mwaka. Miaka 10 ni gigabaiti 33, na kijidiski cha mfukoni kinatosha. Kwa hiyo muuzaji akikuvutia kwa wingi wa nafasi, anakuuzia usichohitaji. Unacholipia ni uangalizi: umeme, ulinzi, marekebisho ya programu, na mtu wa kuwajibika.

Uangalizi huo ni mgumu ufukweni. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na pwani imezoea kukatikiwa hata siku ambazo hazifiki kwenye magazeti. Kuna chumvi, kuna joto, kuna mchwa. Haina maana kwamba haiwezekani: kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoko Kilifi tangu 1989 kimeendesha tangu 2000 daftari la wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891, likifanyiwa marekebisho mwaka baada ya mwaka, katika mji ule ule wenye chumvi. Lakini wao wana idara ya kazi hiyo. Mwenye vyumba kumi na viwili hana. Yeye aweke hifadhi yake kwenye huduma ya mbali, kisha kila mwezi ashushe nakala kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri na kuipeleka nyumba nyingine, si droo ya pili ya meza ile ile. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Durban, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikazorota. Mwenye nakala yake mjini aliendelea kusoma barua zake.

Huduma ya mbali inaleta masharti mawili. Sheria ya data inakutaka uwe na mkataba wa maandishi na anayekuhifadhia, na uweze kuonyesha kwamba habari za watu zinazovuka mipaka ya Kenya zina ulinzi wa kutosha. Muuzaji asiyejua seva zake ziko nchi gani asipewe barua zako. La pili ni sarafu. Huduma nyingi hulipiwa kwa dola kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 123. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha ikashuka hadi karibu 130. Hoteli inayoingiza yuro haikuumia sana. Duka la vifaa vya ujenzi la Kilifi mjini, linalouza kwa shilingi, liliumia. Biashara kama hiyo, ikiwa na kijana mwaminifu aliyesomea kompyuta, inaweza kufikiria programu huria kama Piler, ambayo haina ada ya leseni, mradi imlipe huyo kijana vizuri na kwa mkataba. Kazi ya bure ya mpwa haitadumu miaka 6.

Nimebakisha jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: mlango wa kutokea. Kampuni za programu hununuliwa, hubadilisha bei, hufunga. Barua zako zitaishi kuliko muuzaji wako wa kwanza. Mfano uko karibu nasi: pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani. Orodha yake ya nne, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339, na wanaastronomia wanaitumia hata leo. Kompyuta zilizopokea data ile zilishatupwa zamani. Data ilisalia kwa sababu iliandikwa kwa namna ambayo yeyote angeweza kuisoma, na kila kizazi cha mashine kikaihamishia kwa kinachofuata. Kwa barua pepe, namna hiyo huitwa EML kwa barua moja moja na MBOX kwa rundo. Zote mbili ziko wazi na husomwa na programu nyingi. Mfumo unaohifadhi kwa umbo lake la siri, au unaotoza ada kubwa kukurudishia mali yako, ukatae.

WhatsApp nayo lazima isemwe. Nusu ya makubaliano ya mji huu sasa hufanyika huko, na hakuna hifadhi ya barua pepe itakayoyashika. Kanuni inayofanya kazi ni nyepesi: lolote lenye bei, tarehe au ahadi lililokubaliwa kwa WhatsApp liandikwe upya siku hiyo hiyo kwa barua pepe ya biashara, na mgeni aombwe kulijibu. Wafanyakazi waambiwe wazi, kwa maandishi, kwamba barua za anwani ya kazi zinahifadhiwa, ili mambo yao ya nyumbani wayapeleke kwenye anwani zao.

Siku muuzaji anapokuja ofisini, mfungulie akaunti ya majaribio kwa mwezi mmoja. Tuma barua, zifute, badilisha nenosiri, mwondoe mtumiaji mmoja kabisa. Mwisho wa mwezi mpe jina la mgeni mmoja na umwombe barua zote za mgeni huyo, pamoja na zilizofutwa na viambatisho vyake, ndani ya dakika kumi. Kisha umwombe akutolee sanduku zima kwa MBOX, mbele yako, kwenye diski yako, na wewe ulifungue kwenye kompyuta isiyo na programu yake. Akishindwa moja kati ya hayo mawili, usitie saini.